Manjano ya Bwana Darubini

Nilimkuta mama jikoni amekaa kwenye kigoda, chupa ameibana kwa magoti, anagonga kifuniko chake kwa mpini wa kisu.

Kila aliyelelewa na mama mwenye jiko anaujua mlio huo. Kifuniko kikikwama unakigonga pembeni, unaizungusha chupa kidogo, unagonga tena, halafu unachukua kitambaa na kukaza meno. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa chupa za jemu na za asali, na siku zote kifuniko ndicho kilichosalimu amri. Kwa hiyo sikushtuka. Niliweka mifuko yangu mezani, nikamwamkia, nikaanza kulalamika habari ya jua na habari ya wanafunzi wangu, kama ilivyo desturi yangu kila Jumamosi ninapokuja kumwona.

"Afadhali umekuja," alisema bila kunitazama. "Wewe una mikono yenye nguvu. Hebu nifungulie kitu hiki, kinanitoa roho bure."

Akaiinua chupa kidogo nione. Ilikuwa chupa ya mdomo mpana, ya kioo, na ndani yake kulikuwa na unga wa manjano, umejaa hadi katikati. Manjano mabichi, yanayochoma macho. Unga ulikuwa mkavu kabisa. Vipande vyake vidogo vilimetameta pembeni mwa kioo, na palipokutana kioo na kifuniko cha bati pameota ukoko wa rangi ya kutu.

Mimi nafundisha kemia. Shuleni wananiita Madamu Tahadhari, na nalijua jina hilo kwa sababu watoto husahau kwamba mwalimu naye ana masikio. Wananicheka kwa kuwa simruhusu mtu kuwasha kiberiti kabla sijahesabu madirisha, na kwa kuwa nikibeba chupa ya asidi natembea kama bibi harusi. Waache wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kicheko nimekichagua mwenyewe siku nyingi.

Rangi ile naijua. Nimevaa masweta yake utoto wangu wote.

"Mama," nikasema. "Usigonge."

"Nini?"

"Usigonge tena. Weka kisu chini. Polepole."

"Mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa humu?"

Sikuwa najua kwamba nanong'ona.

Baba yangu alikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kukata nyama ya mgonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kuvihifadhi visioze, na kuvitazama kwa darubini ili daktari ajue anapambana na ugonjwa gani. Mtaa mzima ulimwita Bwana Darubini. Katika dawa za kuhifadhia vile vipande ilikuwamo asidi ya pikriki. Hospitali ilipobadilisha dawa zake, chupa moja ya asidi hiyo ilihamia kwetu, maana baba alikuwa na ugonjwa wa kutotupa kitu, na tena alikuwa ameshagundua kwamba inatia rangi sufu kuliko rangi yoyote ya dukani. Mama alikuwa anafuma masweta ya kuuza. Baba akawa anamchovyea uzi uani, ndani ya beseni la plastiki, mikono ndani ya glavu za hospitali, sisi tumemzunguka.

Huku akikoroga alikuwa anatusimulia. Asidi yenyewe aliiita "huyu bwana". Huyu bwana, alisema, alizaliwa kwenye rangi. Zamani sana, kabla ya mababu wa mababu zetu, mtaalamu mmoja alichukua nili, ile rangi ya buluu ya kuchovyea nguo, akaimwagia asidi ya nitriki kali aone itakuwaje. Buluu ikafa, yakazaliwa manjano. Akachovya hariri, hariri ikakamata rangi vizuri mno. Basi wachovyaji wakaichangamkia. Wengine baadaye waliipata kutoka kwenye vitu vingine, hata sufu na pembe za wanyama zikipikwa kwenye asidi ileile, mpaka mmoja akajua kuitengeneza kutoka kwenye fenoli, ambayo hutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Wakaionja, maana wataalamu wa zamani walikuwa wanaonja kila kitu, Mungu awasamehe. Ilikuwa chungu kupita kiasi, na ndiyo sababu jina lake likatolewa kwenye neno la Kigiriki la uchungu.

"Sasa sikilizeni," baba alikuwa anasema hapo, na sisi tulijua kinachokuja lakini tulinyamaza ili akiseme. "Karibu miaka mia moja watu waliikoroga, wakaivaa, wakaigusa kwa mikono mitupu. Walijua kwamba chumvi zake, zile zinazotokea ikikutana na madini, zinalipuka. Lakini yenyewe? Yenyewe walisema ni rangi tu. Halafu akatokea mtu akaionyesha dunia kwamba yenyewe, peke yake, ikichokozwa vizuri, ni bomu. Rangi ya hariri ikaingia kwenye mizinga."

Kisha alikuwa anamalizia kwa mzaha wake ule ule. Walevi wengine, alisema, wakilewa wanapigana. Huyu bwana ni kinyume chao. Akilewa maji ni mpole, unaweza kumlaza na mtoto. Ukimwacha akauke ndipo anatafuta ugomvi. Ndiyo maana chupa yake ilikuwa na maji juu ya unga siku zote, na kila mwanzo wa mwezi baba aliongeza mengine. Na ndiyo maana ilizibwa kwa kizibo cha mpira, kamwe si cha bati, kwa sababu huyu bwana akikutana na madini ya risasi, shaba au chuma anazaa watoto wenye hasira kuliko yeye. Watoto hao hawangoji kiberiti. Msuguano mdogo unawatosha, kama ule wa kifuniko kinachozungushwa kwenye shingo ya chupa.

Kabla hajafariki nilimuuliza habari ya ile chupa. Akaniambia ameirudisha hospitali. Kweli aliirudisha, lakini kumbe alibakiza kiasi ndani ya chupa ndogo kwa ajili ya uzi wa mama, na hilo hakuniambia kwa sababu alijua nitapiga kelele.

Na mama yangu, jamani, ni mtu msafi. Mtaani wanamwita Mama Usafi, na yeye anadhani ni sifa.

"Mama," nikasema, "maji yake yako wapi?"

"Maji gani?"

"Maji yaliyokuwa humo ndani."

"Niliyamwaga. Yalikuwa yanavuja, yanachafua. Nikaanika unga kwenye sinia, ukakauka vizuri, nikaurudisha. Na kile kizibo kilikuwa kimelegea, nikatafuta kifuniko cha kueleweka." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe una nini? Umekuwa wa majivu."

Maji kwenye sufuria yalikuwa yanachemka juu ya jiko la gesi, hatua moja kutoka begani kwake. Kando yake kulikuwa na mafungu ya uzi mweupe yamelowekwa kwenye beseni. Aliniambia mwenyewe wiki iliyopita kwamba atamfumia mjukuu wake sweta, nami nikasema vizuri, nikasahau. Binti yangu ana maneno mengi, babu yake alimpachika jina la Chiriku, na jina likamkaa. Bibi alitaka Chiriku avae manjano ya babu.

Nikazima jiko. Mara ya kwanza nilikosa kitufe.

"Mama, hiyo ni ile asidi ya baba."

"Najua ni ya baba yako. Ningechukua ya nani?"

"Ikikauka inalipuka."

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa mapenzi, kama anavyomcheka Chiriku akisema ameona simba chooni. "Madamu Tahadhari," alisema. "Baba yako aliishika miaka nenda miaka rudi, hakupoteza hata ukucha."

"Aliishika ikiwa na maji! Hakuwahi kuigonga na kisu!"

Nilipaza sauti, na mara nikajuta, kwa sababu nilipopaza sauti mama alishtuka na magoti yake yakaibana chupa zaidi. Nikaona kioo kinapanda kidogo kati ya kanga zake.

Upande wa pili wa ukuta wa jikoni anaishi fundi cherehani. Cherehani yake imekaa kwenye ukuta wetu, na akikanyaga, vikombe vyetu vinalia kwenye rafu. Tumezoea. Dakika hiyo akaanza kukanyaga. Vikombe vikaanza kulia, nami nikatazama ule ukoko wa kutu kwenye shingo ya chupa nikawaza: sasa. Sasa hivi.

Nilitaka kukimbia. Nasema ukweli, mlango wa uani ulikuwa nyuma yangu, wazi, na mwili wangu wote ulishageukia huko. Kilichonizuia si ujasiri. Kilichonizuia ni magoti ya mama. Magoti yake ni mabovu, hawezi kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike meza kwa mikono miwili na kujisukuma mbele na nyuma mara kadhaa. Akijisukuma na ile chupa mapajani, itaanguka. Mtu wa kuitoa pale ni mimi, na hakuna mwingine.

"Sikiliza, mama yangu," nikasema. "Usiniulize kitu. Kaa hivyo hivyo. Usiizungushe, usiinamishe. Nakuja kuichukua."

"Si ungesema tangu mwanzo kwamba utanifungulia?"

"Sifungui! Hakuna anayefungua!"

Nilichukua taulo kubwa, nikalichovya kwenye maji ya uzi, nikalikunja na kulitandika ndani ya beseni tupu la plastiki, nikaliweka beseni sakafuni karibu na miguu yake. Nikapiga magoti. Uso wangu ulikuwa sawasawa na kifuniko. Nilikuwa naona kila punje iliyokwama kwenye mikato ya kufungia shingoni mwa chupa, ndogo, za manjano na za rangi ya chungwa, na nilijua kwamba nikikosea mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kutokuwapo, kisha yeye. Nikawaza Chiriku atalelewa na baba yake, mtu asiyejua hata kuchana nywele. Mambo ya kipuuzi kama hayo ndiyo yanayokuja.

Nikaishika chupa kwa viganja viwili, chini, mbali na kifuniko.

"Legeza magoti," nikamwambia. "Taratibu."

"Mikono yako ni baridi," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya woga, la. Ilikuwa ile sauti anayomtolea mtoto mwenye homa. "Mwanangu, unaumwa?"

"Legeza, mama."

Akalegeza. Chupa ikabaki mikononi mwangu, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Cherehani ikanyamaza, ikaanza tena. Niliishusha mpaka taulo likaipokea, nikaondoa kidole kimoja kimoja. Jasho lilinitiririka likanidondokea kwenye mkono, na nikaogopa hata tone hilo.

Kisha nikamshika mama makwapani nikamwinua kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Akalalamika kwamba namvunja. Akataka kurudi kuchukua mtandio wake. Nikamwambia akirudi nitamfungia nje ya maisha yangu, maneno ambayo sijawahi kumwambia mama yangu wala mama ya mtu, naye akaduwaa kiasi cha kutembea.

Nilimtoa fundi cherehani kwa kumpigia mlango ngumi. Alitoka na utepe shingoni na pini mdomoni.

"Kuna moto?" akauliza.

"Bado," nikasema, na nadhani uso wangu ulimtosha, kwa sababu hakurudi hata kuzima taa.

Niliwapigia polisi simu. Askari walikuja, wakafunga barabara kwa utepe, wakawasogeza watu. Baadaye kidogo likaja gari la kikosi cha mabomu, akashuka sajini mmoja mfupi, mpole wa maneno, aliyekuwa anatafuna kijiti. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kemia na ile ni asidi ya pikriki, kavu, kifuniko cha bati, chenye ukoko. Kijiti kikatoka mdomoni.

"Nani ameigusa?"

"Mimi. Nimeiweka kwenye beseni, juu ya taulo bichi."

"Mwalimu, hukutakiwa kuigusa."

"Ilikuwa mapajani mwa mama yangu."

Akanitazama, akamtazama mama aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha fundi, amejifunika kichwa kwa kipande cha kitambaa cha mteja, anamweleza jirani kwamba binti yake amesoma sana mpaka imekuwa shida. Sajini hakunilaumu tena.

Alichuchumaa mbele ya mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mkubwa wao? Waambie wasiingie na viatu, nimedeki."

"Tutajitahidi. Mama, nina maswali machache. Hii chupa imekaa na wewe ikiwa kavu kwa muda gani?"

"Tangu ilipoisha arobaini ya marehemu. Mwaka wa pili huu."

"Na ilikuwa inawekwa wapi? Nataka kujua kama kuna unga ulimwagika mahali."

Mama alivuta kile kitambaa kikafunika paji la uso. Nilidhani hakusikia, nikataka kumrudishia swali, lakini sajini aliinua mkono kidogo, nami nikafunga mdomo.

"Chumbani," mama akasema.

"Kwenye kabati?"

"Kitandani."

Sajini hakupepesa. "Chini ya kitanda?"

"Juu. Kwenye mto. Upande wa marehemu." Alisema akitazama ardhi, aibu imemjaa, mtu mzima anayeulizwa habari za kitanda chake mbele ya mwanawe na mbele ya kijana wa serikali. "Ndicho kitu pekee kilichobaki alichokitunza kwa mikono yake. Nguo tuligawa. Nikawa nalala nacho. Ndiyo sababu nikamwaga maji, yalikuwa yanalowesha shuka. Mtu akigeuka usiku chupa inalala, kizibo kinalegea. Nikatafuta kifuniko kinachokaza."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Niliwahi kusoma habari za meli iliyobeba shehena ya asidi hiyo pamoja na baruti nyingine, ikashika moto karibu na bandari, ikalipuka na kuangusha mtaa baada ya mtaa, na huwa nawasimulia wanafunzi ili wafunge midomo. Sikuiwaza meli. Niliwaza kitanda cha mama yangu, kilivyo kidogo. Niliwaza jinsi anavyogeuka akilala, anavyotupa mkono. Halafu nikawaza jambo lingine, nikashika kiti.

Chiriku hutumia likizo zake zote kwa bibi. Hakuna chumba cha wageni. Chiriku hulala kitanda kimoja na bibi yake, katikati, kwa sababu anaogopa kuanguka pembeni na anaogopa ukuta. Ameondoka pale Jumapili iliyopita tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mwanangu alilala mwezi mzima akiwa na hicho kitu sikioni, akirusha mateke usingizini kama alivyo. Nilitaka kupiga ukelele. Nilitaka kumtikisa mama mpaka meno yalegee. Nikamtazama kisogo chake, kitambaa cha mteja kimekaa upande, nikashindwa. Hakuwa amelifikiria. Kwake yeye ile bado ilikuwa rangi ya uzi. Sikumwambia.

Watu wa sajini waliingia na mavazi mazito. Tulisubiri. Walikagua chumba, wakatoka na mto, shuka na godoro, vyote vina madoa ya manjano, na mama akaficha uso huku mtaa mzima ukitazama godoro lake. Mwisho wakatoka wawili wakiwa wamebeba sanduku kati yao, wanatembea kwa namna ambayo sitaisahau, kama watu waliobeba maiti ya mtoto. Nikawaona wale vijana wakubwa, wenye vifua, wanaogopa kama mimi. Sikufarijika hata kidogo.

Walilipeleka kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Sajini alirudi kutuambia kwamba wataliteketeza huko huko, na tusishtuke.

"Mnaniharibia kitu cha mume wangu," mama akamwambia. "Mngekitia maji tu, kingetulia. Alikuwa anakitia maji."

"Kilishapita hapo, mama."

"Haya. Nyinyi ndio wenye nguvu." Akanigeukia. "Na wewe umefurahi sasa. Umepata siku yako. Jumatatu shuleni utawasimulia jinsi ulivyomwokoa mama yako mshamba."

Nilimeza maneno. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki ya kuwa nayo, maana hakuna aliyemwuliza. Nikakaa chini kando ya kiti chake, kwenye vumbi, nikaegemeza kichwa gotini kwake. Hakunisukuma. Vidole vyake vilikuwa vya manjano kwenye ncha. Rangi ile haitoki kwa sabuni, inabidi ngozi ichakae yenyewe.

Halafu ikalia.

Nimesikia radi nyingi, na nimesikia tairi la lori likipasuka nje ya dirisha langu. Hii haikuwa hivyo. Ardhi iliniruka chini ya makalio. Mbwa wote wa mtaa walianza kubweka kwa pamoja, na kioo cha dirisha la fundi kikamwagika barabarani, chote, ingawa machimbo yalikuwa mbali na uwanja mzima uko katikati. Vumbi lilipanda juu ya mapaa. Watu waliokuwa wanatania walinyamaza. Fundi cherehani alikuwa amelala kifudifudi, na hakuna aliyemcheka.

Mama alikuwa bado amekaa. Alikuwa anatazama lile vumbi, mdomo wazi kidogo.

"Ile?" akauliza. "Ile chupa moja?"

"Ndiyo, mama."

"Ile ile niliyokuwa nayo?"

"Ile ile."

Akatazama mapaja yake, akapitisha viganja juu yake kana kwamba anafuta makombo. Nilimwona anafikiri. Nilimwona anarudi nyuma, kutoka jikoni kwenda chumbani, kutoka chumbani kwenda kitandani, na nikajua anakokwenda, nikataka kumzuia, na hapakuwa na njia. Mkono wake ulinikamata bega.

"Mtoto alikuwa analala katikati," akasema.

Nikaushika mkono wake pale begani kwangu.

"Alikuwa analala katikati yetu. Usiku mmoja aliisukuma ikaanguka sakafuni. Niliamka nikaiokota, nikairudisha. Nilimgombeza." Sauti yake ikakatika. "Nilimgombeza asivunje kitu cha babu yake."

Ndipo mama yangu, ambaye siku nzima hakuogopa kitu, akaanza kutetemeka. Ilianzia mikononi, ikapanda mabegani, meno yakagongana. Nilimkumbatia nikashindwa kumtuliza, maana mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, na sasa tulikuwa wawili. Aliniambia nimpigie. Sasa hivi. Anataka kusikia sauti yake.

Nikapiga. Simu ililia sana, na kila ilivyolia mama alizidi kunifinya, kana kwamba mtoto yuko kwenye machimbo na siyo nyumbani na baba yake. Kisha Chiriku akapokea. Hakusalimu. Alianza moja kwa moja kusimulia, paka wa jirani ameingia dirishani, amekula samaki wote, baba amemfukuza na kiatu kimoja, kiatu kimeangukia kwenye ndoo, na mimi narudi saa ngapi, na je, niko na bibi?

"Nipo naye," nikasema. "Huyu hapa."

Nikamwekea mama simu sikioni. Aliishika kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa anaongea bila kupumua, namsikia kutoka pale nilipo, anaita bibi, bibi, mbona husemi? Mama alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye vidole vya manjano, naye ameikaza simu sikioni, anasikiliza.

"Mama," Chiriku akalalamika, "bibi hasemi kitu."

"Wewe endelea kuongea," nikamwambia. "Anakusikia. Usinyamaze."